Pindo la Inchi Tatu

Desemba 2018 kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kilivunjwa vizuri. Tulikuwa wanawake 12 wa Mji Mpya hapa Morogoro: mama lishe wawili, wauza mitumba, msusi, muuza genge, na mimi fundi cherehani. Kila mtu alipochukua hisa zake na faida, tukakuta mfuko wa jamii haujaguswa mwaka mzima. Mungu alitusitiri mwaka ule, hatukuzika wala kuuguza. Mwenzetu mmoja akasema, jamani, si twende tukawaone watoto yatima? Hakuna aliyepinga. Nani atapinga jambo kama hilo?

Tukachapisha fulana. Zambarau, jina la kikundi mgongoni kwa herufi nyeupe. Fulana 12, kila moja shilingi 15,000, jumla 180,000. Keki kubwa yenye maandishi, 60,000. Soda kreti mbili, mchele kilo 25, mafuta ya kula lita tano, pipi pakiti nne. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina, kwa hiyo hesabu zote zilipita mikononi mwangu na sikuona kasoro yoyote. Lile daftari bado ninalo. Nikilifungua ukurasa ule naona wazi kwamba fedha nyingi kuliko zote ilikwenda migongoni mwetu.

Kituo tulichokwenda sitakitaja. Walitupokea kwa nyimbo, watoto thelathini na kitu, wamepangwa kwa urefu, na wimbo ule ilionekana wazi wameuimba mara nyingi. Tukakata keki. Tukapiga picha. Kulikuwa na binti wa kama miaka tisa hivi, kila simu ikinyanyuliwa anageuza uso. Mwenzetu mmoja, wala hakuwa na ubaya, akamshika kidevu akamgeuza: "Tabasamu mwanangu." Picha ile ninayo kwenye simu. Sijawahi kumtumia mtu.

Wakati wengine wanagawa soda, mlezi mkuu wa kituo akanichukua tukaweke mchele stoo. Mama wa makamo, mpole, kanga kiunoni. Akaniambia, "Mama, Mungu awazidishie. Ila nikwambie neno, hutanielewa vibaya?"

Nikamwambia sema, dada yangu.

"Hii ni keki ya tano tangu mwezi uanze. Sabuni ya kufulia imeisha juzi. Na Februari hamji."

"Februari kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana hamji."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia. Nikamuuliza habari za yule binti aliyekuwa anageuza uso, kama wazazi wake wote wamefariki. Akasema mama ndiye aliyefariki, baba hajulikani alipo, lakini bibi yake yupo hai, Kilosa. "Wengi humu wana mtu wao," akasema. "Bibi, shangazi, mjomba. Kilichowaleta si kifo peke yake. Aliyebaki nao alishindwa."

Tulirudi kwa daladala, sote tumevaa zambarau. Konda akatuuliza kama tunatoka kwenye kampeni.

*

Baba watoto ni seremala. Nilipomsimulia usiku ule alikuwa anafuta vumbi la mbao mikononi, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Hapa mtaani kwetu mmeshamaliza?"

Nikanyamaza. Binti yetu mkubwa, anayesubiri kuanza darasa la sita, alikuwa anaosha vyombo pale pembeni. Akadakia kuwa anayekaa naye dawati moja huwa hali mchana. Shuleni kwao wazazi walikubaliana kuchanga mahindi na maharage ili watoto wapate makande. Ambaye kwao hawajachanga anakwenda kukaa chini ya mwembe mpaka kengele igonge. "Anasema hapendi makande," binti yangu akasema, "lakini mimi nikibakiza anakula."

Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, na sisi wazazi tulishangilia kwa haki kabisa. Ila sare, madaftari na chakula cha mchana vilibaki shingoni mwa mzazi, na kuna nyumba ambazo hicho kilichobaki ndicho kizito. Mimi nashona sare kila Desemba na Januari, nilikuwa nalijua hilo kuliko mtu yeyote. Najua akina mama wanaokuja kuuliza bei, wanashikashika kitambaa, halafu wanasema "nitarudi". Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza wasiorudi wanavaa nini.

Yule mwenzake binti yangu wa dawati moja alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyekuwa akipanda darasa la nne pamoja na kijana wetu, na mwingine mdogo ambaye hajaanza shule. Wote watatu wanalelewa na bibi yao mzaa mama, upande wa Bigwa. Nikasema hapa sasa nimepata kazi. Usiku mbili nilikaa kwenye cherehani. Nikakata shati na kaptula ya yule mdogo kwa vipimo vya kijana wangu, sketi na blauzi ya dada yake kwa vipimo vya binti yangu. Shule zilipofunguliwa Januari, watoto wangu wakabeba ule mfuko wakawapelekea darasani. Nilijisikia vizuri siku ile, nisiseme uongo.

Kesho yake asubuhi, sijamaliza hata kufagia kibanda, nasikia hodi. Bibi kizee mwembamba, tenga la ndizi kichwani, na mkononi mfuko wangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo bibi, karibu ukae."

Hakukaa. Akauweka mfuko juu ya meza ya kukatia. "Nimekurudishia mzigo wako. Nguo nzuri, umeshona vizuri. Lakini mimi sijafa, mwanangu. Watoto hawa hawakuokotwa. Jana wameingia mtaani na nguo mpya, watu wananiuliza nani kawavisha. Nikajibu nini?"

Nina ulimi mwepesi, wateja wangu wanajua. Siku ile sikuwa na neno. Nikavuta kigoda nikamwomba tena akae, nikamwomba radhi. Ndipo akakaa, na tenga likashuka, na tukazungumza mpaka jua likaingia ndani ya kibanda.

Alichoniambia kilinifundisha zaidi ya kile cha stoo. Anauza ndizi na magimbi, anayoyalima mwenyewe juu mlimani na mengine anayanunua kwa wanaoteremka nayo. Chakula cha jioni hakiwapigi chenga. Kinachomshinda ni vitu vinavyotaka fedha kwa mkupuo mmoja: sare za watoto wawili wiki moja, mchango wa mahindi kwa muhula mzima, dawa. Na kulikuwa na mjomba wa watoto, Dar es Salaam. Sisi watu wa Uluguru ukoo tunaufuata kwa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu ya wapwa zake. Huyu mjomba alikuwa kimya mwaka wa pili. "Hana kitu," bibi akasema, "anaona haya kupiga simu mikono mitupu."

Tukaafikiana hivi: sare atazichukua mali kauli. Atalipa kwa ndizi, fungu moja kila Jumanne, mpaka yeye mwenyewe aseme deni limekwisha. Jumanne ya kwanza alipoleta fungu nyumbani nilitaka kumwambia si lazima, bibi, chukua ukauze. Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikapokea ndizi.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kuna sharti moja: hakuna kitu kinachomfikia mtoto bila kupitia kwa anayemlea. Hata penseli. Watoto wangu waliona ni urasimu, hasa kijana, lakini wamezoea.

*

Sasa niseme habari ya pindo, maana ndiyo kazi yangu na ndipo nilipo na la kusema.

Sare nyingi za dukani zinabana kitambaa. Pindo la sketi ni nusu inchi, mshono wa ubavuni umekatwa karibu kabisa na uzi, kiuno kina zipu na kifungo kimoja. Mtoto akirefuka kidogo tu, sketi imepita. Mwenye uwezo ananunua nyingine. Asiye na uwezo anamvalisha hivyo hivyo, na binti wa miaka 12 akiwa na sketi iliyopanda juu ya magoti anaanza kutafuta visingizio vya kutokwenda shule. Hilo nimeliona, sikuhadithiwa.

Kwa hiyo nikabadilisha ukataji. Sketi naiachia pindo la inchi tatu. Ubavuni naacha inchi nzima kila upande. Kiuno naweka mpira nyuma, zipu zinakufa haraka na kuibadili ni gharama. Kaptula za wavulana naziwekea kitambaa cha pili makalioni kwa ndani kabla hazijachanika, kwa sababu mvulana wa shule ya msingi hakai, anaburuzika. Shati naacha mikono iwe na pindo la kukunjua. Yote haya yanaongeza kitambaa kidogo sana, na kazi ya nusu saa. Sare iliyokuwa inaisha mwaka inakwenda miaka miwili, hata mitatu.

Ukilifungua pindo la zamani unabakiwa na alama: pale palipokuwa pamekunjwa rangi imebaki nzito, kwingine jua limeila. Watoto wanaogopa sana huo mstari, unatangaza. Dawa yake ni utepe. Nashona utepe mwembamba wa rangi ile ile juu ya mstari, na wa pili juu yake kidogo, inaonekana kama mtindo. Mwaka 2020 kuna wasichana waliokuja kuniomba utepe kwenye sketi mpya kabisa. Nilicheka peke yangu.

Halafu nikaanzisha boksi. Kila Novemba, wakati watu wanaanza kufikiria Januari, nawaambia wateja: leta sare iliyombana mwanao, nakupunguzia elfu moja kwenye mpya. Zinakuja nyingi kuliko nilivyotegemea. Jumamosi jioni tunakaa barazani, mimi na watoto. Binti anafumua mishono, kijana anakata vifungo na kuvipanga kwenye kopo kwa ukubwa, mdogo wetu kazi yake kuokota nyuzi na kuimba. Kola zilizochakaa nazigeuza, upande wa chini unakuja juu na shati linakuwa jipya. Zile sare zinauzwa kwa bei ya uzi, au zinatoka mali kauli kwa anayeniambia ukweli kwamba mwezi huu hana. Siandiki jina la mtoto. Naandika jina la mkubwa, kama mteja mwingine yeyote.

Sijapata faida, sijapata hasara kubwa. Baba mmoja alichukua sare mbili mali kauli akaenda kuziuza. Moja huwa naiona ikipita njia ya Sabasaba, imevaliwa na mtoto nisiyemjua. Mshono wangu naujua. Basi, angalau imevaliwa.

Kijana wetu, mwanzoni, alikuwa na kinyongo. Jumamosi ni siku ya mpira. Siku moja akaniuliza, "Mama, kwani sisi ni matajiri?" Nikamwambia hapana, si unaona paa. Akasema, "Sasa mbona tunatoa?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia amalize vifungo akacheze. Kila ninapofikiria ningemjibu nini, linanijia lile la wazee kwamba kutoa ni moyo, na naona halitoshi. Moyo tulikuwa nao hata siku ya fulana.

*

Baba watoto naye akapata lake. Mtakumbuka mwaka 2016 nchi nzima ilihangaika na madawati, kila mkoa unahesabu upungufu, mbao zikapanda. Yakatengenezwa kwa wingi na kwa haraka. Miaka mitatu baadaye, nyuma ya darasa moja la shule ya watoto wetu, kulikuwa na rundo la madawati yaliyovunjika mguu au yaliyong'oka ubao wa kukalia, na ndani kuna watoto wanabanana wanne wanne. Akaenda kwa mwalimu mkuu, wakazungumza na kamati ya shule. Akapewa ruhusa ya Jumamosi. Vipande vya mbao anavyovibakiza kazini vilikuwa vinakwenda kuwa kuni, sasa vikawa miguu ya madawati. Alimchukua kijana, na hapo ndipo kinyongo cha Jumamosi kilipokwisha, maana kupiga misumari ni raha kuliko kupanga vifungo.

Suala la chakula lilikuwa gumu zaidi. Tungeweza kuwalipia wale wawili, tukawa tumemaliza. Bibi angekataa, na chini ya mwembe walikuwa si wawili. Kwenye mkutano wa wazazi mume wangu akasimama akasema: mwenye uwezo aongeze sado moja juu ya mchango wake, aikabidhi kwa mtunza stoo, na watoto wote wapange foleni moja bila kuitwa majina. Kelele zikawa nyingi. Kuna waliosema tunawadekeza wavivu. Mzee mmoja akauliza, mvivu ni mtoto wa darasa la pili? Kaya saba zilikubali siku ile, nyingine zikaja polepole, nyingine hazijaja mpaka leo na tunasalimiana vizuri tu.

Binti yangu alikuwa na jambo lake ambalo alichelewa kuniambia. Rafiki yake alikuwa anakosa shule siku tatu nne kila mwezi. Mimi ni mwanamke, nilipaswa kulijua bila kuambiwa. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, tukadhani zitashuka. Bei madukani haikushuka, na mwaka uliofuata kodi ikarudishwa. Pakiti moja ilikuwa chakula cha bibi cha jioni.

Nikamwendea bibi kwanza, nimeshajifunza. Akanicheka. "Zamani mwali akiwa ndani somo wake anamfunda na vitambaa vyake anamwandalia. Ninyi mnasubiri duka." Tukashona za kufua: khanga kuukuu laini inayogusa mwili, flaneli katikati, chini kitambaa kizito, na kifungo cha kubana. Wasichana wale wawili walishona wenyewe kwa mkono, wamejifungia chumbani wanacheka. Kilichokuwa kigumu si kushona, ni kuanika. Mtoto anaona haya, anazianika chini ya godoro ambako hazikauki, na maradhi yanaanzia hapo. Nikamwambia binti yangu anike kwenye kamba yetu, juani, na khanga nyepesi juu yake. Baba yake alipita chini ya ile kamba mwezi mzima bila kuuliza. Namshukuru kwa hilo.

Mjomba tulimpigia simu mwezi wa nne. Bibi ndiye aliyezungumza, mimi nilitia vocha tu na kukaa mbali. Walizungumza muda mrefu, kwanza kwa sauti ya juu, halafu chini. Wiki iliyofuata akatuma shilingi 10,000 kwa simu. Bibi aliniletea ile meseji niisome, nikaisoma, akaniambia isome tena. Tangu hapo anatuma, mara 10,000, mara 5,000, na mwezi akiwa hana anapiga kusema hana. Naamini elfu kumi ile ya kwanza ilifanya kazi kuliko chochote nilichoshona.

Mwisho wa mwaka ule tukafungua kopo la nyumbani. Tulikuwa tumeweka fedha ambazo kwa kawaida zingekwenda kwenye keki na soda za siku za kuzaliwa. Watoto walikubaliana wenyewe, ingawa mdogo wetu alidai pipi na akapewa. Zikatosha kumchangia bibi kwenye bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa, ambayo wakati ule ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita. Yeye akatoa 10,000 ya mjomba, sisi tukajaza. Mguu wake uliokuwa unamsumbua ukatazamwa. Ramadhani ilipofika zaka ya fitri tukampelekea yeye, pishi kwa kila kichwa cha nyumba yetu, kabla ya swala ya Idi. Hiyo hakuibishia. Alisema hiyo ni haki yake, si msaada.

*

Kuna jambo moja tulilolishindwa, na nalisema kwa sababu watu wenye moyo mwepesi huwa wanajitia humo.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuja kukaa mtoto, kaletwa kutoka kijijini kusaidia kazi. Miaka kumi labda. Tulikuwa tunasikia vilio usiku, na siku moja nikaona mikono yake. Mimi nilitaka kwenda kumchukua aje kwetu, kitanda kipo, na mume wangu akasema tunamchukua kama nani? Kwa mara ya kwanza tangu tuoane tuligombana juu ya mtoto asiye wetu. Nikapiga 116, simu ya watoto, haikunikata hata senti. Wakanisikiliza, na hatukumaliza siku nyingi afisa ustawi wa jamii akaja na mtendaji wa mtaa.

Yule afisa nilimwambia mimi nipo tayari kumlea. Akaniambia kwa upole kwamba mtoto hahamishwi kama kuku. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, kuna utaratibu wa malezi ya kambo, yaani mtoto kulelewa na familia nyingine, nyumba inakaguliwa, na kwanza kabisa wanatafuta ndugu. Mtoto akaondoka nao. Nilisikia baadaye kwamba amepelekwa kwa shangazi yake. Zaidi ya hapo sijui, na nimejilazimisha nisitafute. Jirani yule hanisalimii.

*

Desemba 2019 kikoba kilivunjwa tena. Nikapendekeza mfuko wa jamii tusiuguse mpaka Februari, na tusichapishe fulana. Mjadala ulikuwa mkali kuliko wa riba. Mmoja akauliza kwa uwazi kabisa, "Sasa watu watajuaje?" Wengine wakacheka, lakini nusu yao walikuwa wanauliza hilo hilo moyoni, na mimi mwaka mmoja nyuma ningekuwa mmoja wao. Tulipiga kura. Wengi walitaka Desemba, wakaenda, na wakapeleka keki.

Februari 2020 tukaenda watano tulioridhiana, kwa fedha zetu. Katoni za sabuni za mche, mafuta ya taa, na cherehani yangu ndogo ya mkono. Hatukuingia ukumbini. Tulikaa uani na walezi, nikarekebisha sare na mashuka siku nzima, wenzangu wakifua na kusuka watoto nywele. Yule mlezi mkuu aliponiona akapiga makofi: "Kumbe mnaijua Februari!" Nikamuuliza habari za binti aliyekuwa anageuza uso. Hayupo. Ustawi wa jamii walimfuatilia bibi yake, akarudishwa Kilosa.

Mwezi uliofuata shule zikafungwa kwa ajili ya korona, na tusingeweza kuingia tena hata tungetaka.

Bibi wetu wa Bigwa yupo. Deni la sare alisema limekwisha Jumanne moja, bila sherehe, na fungu la ndizi likaendelea kuja ila sasa nalinunua. Mjukuu wake wa kike anasoma sekondari. Yule wa kiume pindo zake zote tatu nilizifungua na bado alizipita, ana miguu kama korongo.

Mwaka jana bibi alikuja na kitenge kipya, alikipata kwenye harusi ya mpwa wake. Anataka gauni, mikono mirefu, mfuko wa ndani wa kuwekea fedha. Nikampima, nikashona, na alipokuja kuchukua nikamwambia, bibi yangu, hili ni zawadi. Akanitazama. Akafungua kile kifundo cha khanga, akahesabu, akaweka shilingi 10,000 juu ya meza ya kukatia, pale pale alipouweka ule mfuko.

"Gauni kwako ni shilingi ngapi?"

"Elfu nane, bibi."

Akakunja gauni lake vizuri, akaliweka ndani ya tenga, kisha akanyoosha kiganja.

"Chenji yangu."